Taya linavutwa milimita moja kwa siku: nyama, neva na ngozi vinafuataje?

Rezidenti_Kinywa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Vitabu vinaeleza vizuri namna mfupa mchanga unavyoota kati ya vipande viwili vilivyokatwa na kuachanishwa polepole. Lakini uso si mfupa mtupu. Mtoto akirefushwa taya la chini kwa milimita 15, kuna misuli iliyojishikiza pale, kuna neva ndani ya mfereji, kuna ngozi, ufizi, ulimi na kiungo kilicho mbele ya sikio. Hivi vinakua, au vinanyooka tu kama mpira vikisubiri kurudi? Na hii milimita 1 kwa siku iliamuliwa na mfupa au na vingine vyote?

Naomba mjibu kwa namba, na mseme kinachoharibika. Tuanze na distrakta (kifaa cha skrubu kinachozungushwa kuachanisha vipande vya mfupa) ya taya la chini, kisha taya la juu kwa waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa.

---

PatasiNaMsumeno

Mkuu, umeuliza swali ambalo wengi hulikumbuka kifaa kikishatolewa na kidevu kimeanza kurudi nyuma.

Tuanze na kasi. Ilizarov, daktari wa mifupa kule Kurgan, Siberia, alizoea mifupa ya miguu. Majaribio yake kwa mbwa, yaliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989, yalilinganisha 0.5 mm, 1 mm na 2 mm kwa siku. Kwa 0.5 mm mfupa uliwahi kushikana kabla ya wakati. Kwa 2 mm tishu laini ziliumia na mfupa ukachelewa. 1 mm ikabaki katikati. Akaonyesha pia kwamba hiyo 1 mm ikigawanywa mara nne kwa siku ni bora kuliko kuivuta mara moja, na ikigawanywa mara 60 kwa mashine ni bora zaidi. Kwa hiyo jibu la swali lako: mfupa ndio uliokataza kwenda polepole mno, tishu laini ndizo zilizokataza kukimbia. Usoni tumerithi namba hiyo tangu McCarthy na wenzake wa New York walipochapisha mwaka 1992 habari za watoto wa kwanza waliorefushwa taya la chini kwa njia hii.

Sasa misuli. Uzi wa msuli umejengwa kwa sarkomea, yaani vipande vidogo vinavyojikunja, zilizopangwa kama shanga. Tuseme uzi una urefu wa mm 40 na kila sarkomea ni mikroni 2.5, basi zimo 16,000. Uvute uzi ufike mm 50 bila kuongeza kitu, kila sarkomea itakuwa na mikroni 3.1. Hapo nguvu ya kujikunja inapungua na mvuto wa kurudi nyuma unapanda. Ili uzi utulie kwenye urefu mpya, lazima ziongezwe sarkomea 4,000, na huongezwa zaidi kwenye ncha, pale msuli unapoungana na kano. Kazi hiyo inataka siku, si dakika. Ndiyo maana ukisogeza taya kwa mkupuo mezani, ukafunga bamba na skrubu, misuli kati ya kidevu na haioidi (mfupa mdogo wa shingoni chini ya ulimi) inabaki kama upinde uliopindwa. Ukivuka karibu mm 7 hadi 10 kwa mkupuo, hatari ya kurudi nyuma inapanda waziwazi.

Ila hesabu yangu ina unafuu: mfupa wa haioidi haujafungwa mahali. Nao husogea mbele, kwa hiyo msuli haubebi mm 10 zote.

---

Waya_na_Raba

Naongezea alichoacha PatasiNaMsumeno: uelekeo. Si kila msuli unakubali kurefushwa. Msuli wenye nyuzi zilizolala sambamba na mstari wa kuvuta hujijenga. Ule uliokaa kwa kukingama hunywea. Kwa mbwa waliorefushwa taya, digastriki (msuli wa chini ya kidevu) ilionyesha dalili za kujijenga upya, huku maseta (msuli wa kutafuna wa shavuni) ikipungua kwanza, ndipo ikaanza kurudi taratibu wakati kifaa kimetulia.

Sasa hili ndilo linalotuletea kazi sisi wapanga meno. Maseta na mwenzake wa ndani wanakivuta kipande cha nyuma juu na mbele. Misuli ya chini ya kidevu inakivuta kipande cha mbele chini na nyuma. Katikati kuna mfupa mchanga mlaini kama ugali wa moto. Matokeo: meno ya mbele yanaachana, mgonjwa anauma magego tu. Watu wanalaumu kifaa, kumbe ni misuli imeshinda.

Dawa yake ni kupanga mstari wa kifaa kabla ya kukata, si baada. Meno yakianza kuachana katikati ya safari, tumia raba za mdomoni kutoka taya la juu hadi la chini, takribani gramu 100 hadi 150 kila upande, zivaliwe usiku na mchana, zitolewe wakati wa kula tu. Mfupa mchanga bado unafinyangika. Ukisubiri wiki ya nne baada ya kuacha kuvuta, umechelewa.

---

Rezidenti_Kinywa

Asanteni wakuu. Neva je? Ile ya alveola ya chini, inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, imo ndani ya mfupa tunaoukata. Nashindwa kuelewa inaponaje.

---

PatasiNaMsumeno

Inapona kwa sababu inavutwa kidogo kidogo, na kwa sababu hatuikati. Hayo mawili yatenganishe.

Kuhusu kuvuta: Lundborg na Rydevik mwaka 1973 walivuta neva ya mguu wa sungura. Ilipofika 8% zaidi ya urefu wake, damu kwenye vena ndogo ilianza kupunguza mwendo. Ilipofika 15% damu ilisimama kabisa. Chukua neva yenye mm 60 ndani ya taya. Milimita 15 ni 25%. Kwa mkupuo mmoja umeinyonga. Lakini 1 mm kwa siku ni chini ya 2%, na ikigawanywa mara mbili ni chini ya 1% kila ukizungusha. Kati ya mzunguko na mzunguko neva inalegea, mishipa yake ya damu inanyooka, na ganda la mafuta linalofunika nyuzi zake linatengenezwa upya. Ukikimbiza kasi, nyuzi zenyewe zinaoza kuanzia kwenye jeraha kwenda mbele.

Kuhusu kukata: msumeno ukate ganda la nje, ukingo wa juu na ukingo wa chini tu. Ganda la ndani na eneo la mfereji limalizwe kwa kupindua patasi hadi usikie mfupa umeachia. Kwa mtoto, angalia pia kichipukizi cha gego. Skrubu za kifaa nazo zisitobolewe kwa kukisia. Piga picha ya CT kwanza, pima mfereji uko wapi.

Namna ya kujua nani mkosaji: ganzi ya mdomo wa chini iliyopo siku ya kwanza baada ya upasuaji imetoka kwenye msumeno au skrubu. Ganzi iliyoanza siku ya tano au ya nane ya kuvuta, wakati mwanzo hakukuwa na kitu, imetoka kwenye kasi. Kwa hiyo ya pili, shusha kasi hadi 0.5 mm kwa siku, au pumzisha siku moja. Usipumzishe siku nyingi kwa mtoto, mfupa utashikana ukiangalia.

---

Sista_Zamu

Dokta, hiyo ganzi nani anaipima? Wodini tunapima sisi. Pamba laini upande wa kulia na kushoto wa mdomo na kidevu, macho yamefumbwa, mtoto aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Kila siku saa ileile, iandikwe. Bila kipimo cha kabla ya upasuaji, vipimo vyote vya baadaye ni kelele.

Na kwa kuwa mmeanza na namba, naweka utaratibu wa kuzungusha. Paracetamol 15 mg kwa kilo nusu saa kabla. Soma karatasi ya kifaa ujue mzunguko mmoja kamili ni milimita ngapi: vipo vya 0.5 mm, vipo vya 1 mm, na hapa ndipo watu huvuta mara mbili ya walichoagizwa. Zungusha kufuata mshale. Kulia kisha kushoto, papo hapo, usiache upande mmoja hadi jioni. Andika saa, mizunguko na jumla ya milimita mpaka sasa. Aliyezungusha asaini.

Mzazi akizungusha nyumbani, bandika alama ya rangi kwenye bisibisi ili aone mshale umerudi alipoanzia. Akisahau mzunguko mmoja, asilipize kwa kuzungusha miwili kwa pamoja. Apige simu.

Ngozi: distrakta za nje hupitisha pini kwenye shavu, na pini zinapoachana zinachana ngozi polepole, kovu linakuwa mstari. Daktari anaweza kupunguza hilo kwa kubana ngozi ikunjamane kati ya matundu ya pini kabla ya kuzipitisha, ili kuwe na akiba ya kuvutwa. Sisi kazi yetu ni kusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali mara mbili kwa siku, kutoa ukoko, na kutazama rangi. Ngozi ikiwa nyeupe au inang'aa mbele ya pini na hairudishi rangi dakika chache baada ya kuzungusha, mwite daktari kabla ya mzunguko unaofuata. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu: bonyeza, linganisha na upande wa pili, gusa joto.

---

Waya_na_Raba

Sista kaongea vizuri. Ndani ya mdomo nako, ufizi juu ya pengo unavimba, unakuwa na rangi ya waridi iliyoiva, seli zake zinagawanyika kwa wingi. Hiyo si maambukizi. Usaha, harufu na skrubu inayocheza ndiyo maambukizi. Sukutua kwa klorheksidini 0.12% au 0.2% asubuhi na jioni, na mswaki laini usiogope kugusa kifaa. Chakula ni uji mzito, mtori, supu, maharage yaliyopondwa. Muwa, mahindi ya kuchoma na mihogo mikavu, hapana kabisa mpaka daktari aseme.

---

Pumzi_Kwanza

Naomba tusisahau watoto wachanga wenye taya dogo na ulimi unaoanguka nyuma, hali inayobeba jina la Pierre Robin aliyeieleza mwaka 1923. Kwao tishu laini ndizo sababu ya upasuaji, mfupa ni mpini tu. Msuli mkuu wa ulimi umejishikiza nyuma ya kidevu, kwa ndani. Ukisogeza kidevu, unavuta shina la ulimi litoke kwenye koo.

Kanuni zinabadilika hapa. Kusubiri kabla ya kuvuta ni siku 0 hadi 2, si 5 hadi 7 kama kwa mtoto mkubwa au mtu mzima. Kasi ni 1.5 hadi 2 mm kwa siku. Mfupa wa mchanga unashikana haraka mno, ukienda polepole utakwama. Tishu zake nazo zinavumilia zaidi.

Zinazoumia ni nyingine: tawi la neva ya uso linalopita ukingoni mwa taya, na vichipukizi vya meno. Ukiona pembe moja ya mdomo haishuki mtoto akilia, tawi hilo limeguswa. Mara nyingi ni kuvutwa na vishikio vya nyama wakati wa upasuaji na hurudi, ila liandikwe siku hiyohiyo.

---

Rezidenti_Kinywa

Na mwenye ankilosisi, ambaye taya limekazana, kidevu kimebaki nyuma na usingizini anakoroma hadi pumzi inakatika? Kipi kinatangulia, kufungua kiungo au kurefusha?

---

Pumzi_Kwanza

Kurefusha. Ukifungua kiungo kwanza, unaondoa kizuizi pekee cha nyuma. Misuli ya maseta inavuta tawi la taya (sehemu yake ya nyuma inayopanda) juu, kidevu kinarudi nyuma zaidi, na njia ya hewa iliyokuwa finyu inazidi kufinyika. Ukianza kurefusha, kiungo kilichoshikana ni ukuta mzuri wa kusukumia: milimita unayozungusha inakwenda mbele yote.

---

PatasiNaMsumeno

Kwa mwenye shida ya pumzi usingizini nakubaliana nawe. Kwa asiye na shida ya pumzi, sijashawishika. Mtoto ambaye hafungui mdomo hata mm 5 hawezi kusafisha meno, akitapika ni hatari, na misuli yake ya kutafuna imeshakuwa kamba. Kumwongezea miezi mitatu ya kufungwa hivyo ni gharama. Halafu usisahau: misuli iliyokaa miaka bila kujikunja ina makovu ndani, haiongezi sarkomea kwa ari ile ya msuli mzima. Ndio hao wanaorudi nyuma zaidi.

Na kiungo kizima, kisichokazana, nacho kinalipa. Mvuto unarudisha nguvu nyuma kwenye kondaili, ncha ya taya inayoingia kiungoni. Gegedu linapungua unene, kichwa cha kondaili kinaweza kubapa. Maumivu mapya mbele ya sikio wakati wa kuvuta si ya kupuuza. Punguza kasi, angalia kama pande mbili zinavutwa sawa.

---

Pumzi_Kwanza

Hoja ya makovu naikubali. Hoja ya kutapika inajibiwa kwa kuwa na mashine ya kufyonza kando ya kitanda. Tutabaki hapo tulipo, dokta.

---

Mazoezi_ya_Taya

Wakati wanabishana, mimi niseme la misuli baada ya kuvuta. Kipindi cha kuvuta: mgonjwa afungue na kufunga mwenyewe, taratibu, bila kulazimishwa na mkono wala kifaa. Ukilazimisha unapinda mfupa mchanga, si kunyoosha msuli. Kipindi cha kukomaa, kifaa kikiwa kimetulia ili mfupa ugumu, wiki 6 hadi 8 kwa watoto na hata 12 kwa watu wazima, endelea hivyohivyo. Kifaa kikitolewa na eksirei ikionyesha mfupa umejaa, ndipo vijiti vya mbao vya kushikia ulimi vianze: panga vinavyoingia bila maumivu makali, shikilia, pumzika, ongeza kimoja baada ya siku chache. Pima kwa rula kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima chini ya mm 35 bado ana kazi.

Kwa aliyefunguliwa ankilosisi, sheria ni tofauti: mazoezi huanza siku za mwanzo kabisa na huendelea miezi. Maumivu yakimfanya aache, kiungo kinakazana tena.

---

Rezidenti_Kinywa

Nimewaelewa wakuu. Tuhamie taya la juu. Kwa nini mdomo wa juu wa mwenye mpasuko haufuati kama picha ya kompyuta inavyoahidi?

---

Waya_na_Raba

Kwa sababu kompyuta haioni kovu. Kwa taya la chini, nyama ya kidevu hufuata mfupa karibu moja kwa moja: mfupa mm 10, ngozi karibu mm 10. Mdomo wa chini hufuata kidogo zaidi ya nusu, maana tangu mwanzo ulikuwa umeegemea meno ya juu na umejikunja. Taya likija mbele unafunguka badala ya kusogea. Kwa taya la juu, mdomo wa juu hufuata nusu hadi theluthi mbili. Hiyo ni kwa mdomo usio na kovu. Mdomo ulioshonwa utotoni, labda mara mbili, ni mkanda. Unaweza kubaki nyuma ukabana na kuwa mwembamba, au meno yakausukuma wote kama ubao.

Pua nayo inapanuka kwenye mabawa na ncha inanyanyuka. Kwa wenye mpasuko, ambao pua imelala, kunyanyuka huko mara nyingi ni faida. Ndiyo maana marekebisho ya mwisho ya pua na mdomo yasifanywe kabla ya mfupa kutulia. Nami nisingepima uso kwa milimita kabla ya miezi 6. Kabla ya hapo unapima uvimbe.

Fremu ya kichwani, inayovuta taya la juu kutoka nje, waliyoitangaza Polley na Figueroa wa Chicago mwaka 1997 ina uzuri mmoja kwa kazi hii: uelekeo unaweza kubadilishwa katikati ya safari, mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti. Kwa kovu gumu hilo ni jambo kubwa, maana kovu huvuta upande wake.

Na kwa wale ambao nusu ya uso ilikua ndogo tangu tumboni: kurefusha mfupa hakuwajazii shavu. Ngozi na msuli vitanyooka, mafuta ambayo hayakuwepo hayatazaliwa. Waambiwe mapema kwamba shavu litahitaji kujazwa mafuta baadaye, na sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, hivyo huenda ikarudiwa.

---

Sauti_na_Kaakaa

Taya la juu likienda mbele, kaakaa laini linakwenda nalo, ukuta wa nyuma wa koo unabaki. Pengo linapanuka, hewa inavuja puani mtu akisema. Wapo wanaoahidi kwamba kwa kuwa tunavuta polepole, kaakaa litarefuka na sauti haitaharibika. Msiahidi hivyo. Utafiti wa kulinganisha uliofanyika Hong Kong kwa wagonjwa wa mpasuko haukuonyesha kwamba distrakta inalinda sauti kuliko upasuaji wa mkupuo. Kaakaa lenye kovu halinyooki kama nyama ya kawaida.

Pima kabla, na pima kwa Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imejaa mb, nd, ng na nj, na sauti hizo zinapitisha hewa puani kihalali, kwa hiyo sentensi kama "mbuzi anakwenda njiani" haikuambii kitu. Tumia isiyo na sauti ya pua hata moja: "Baba, tupe kitabu". "Kaka apika pilau". Weka kioo kidogo chini ya pua. Kikipata ukungu, hewa inavuja. Kisha mpe "Mama anamnyima nini" usikie kama, kinyume chake, pua imeziba. Rekodi sauti. Anayevuja kidogo kabla ya upasuaji ndiye atakayevuja sana baadaye, na aambiwe huenda akahitaji upasuaji wa koo mfupa ukishatulia.

---

Rezidenti_Kinywa

La mwisho, wakuu. Siku ya sita ya kuvuta, bisibisi inagoma kuzunguka. Nifanye nini?

---

PatasiNaMsumeno

Usilazimishe. Ukilazimisha utang'oa skrubu au kuvunja mfupa mahali usipotaka.

Piga eksirei siku hiyohiyo. Pengo likilingana na milimita zilizoandikwa na Sista, na mfupa mchanga unaonekana kawaida, basi ni nyama imekaza: pumzisha mzunguko mmoja au miwili, toa dawa ya maumivu, jaribu tena kwa robo ya mzunguko. Pengo likiwa dogo kuliko maandishi, kuna mtu aliyezungusha kinyume, au fimbo imepinda. Pengo likiwa halipo kabisa upande mmoja, mfupa haukukatika wote tangu mwanzo. Hilo huzuilika mezani: baada ya kukata, fungua kifaa mm 3 hadi 5 uone vipande vinaachana kwa wepesi, kisha kirudishe kabla ya kushona. Na kama pengo lipo lakini limejaa weupe, mfupa umewahi kushikana, mgonjwa anarudi chumba cha upasuaji.

---

Sista_Zamu

Na kabla ya hiyo eksirei, dokta, hakikisha bisibisi imeingia hadi mwisho. Ufizi ukivimba unaifunika ncha ya kifaa, bisibisi inashika nyama. Sukutua, pangusa, angaza kwa tochi, ingiza tena.